Mpunga unataka nafasi, na magugu pia yanaitaka



Somo la leo ni la wanaolima mpunga, hasa vikundi vya Mwea, na vile vya Ahero, West Kano na Bunyala. Ambao hawalimi mpunga pia wasome. Mwenye mahindi na mwenye maharagwe wataona kitu chao humu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Walikuwa wamekodi ekari moja kwa pesa za mzunguko, zile walizokuwa wakichanga kila wiki. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku tatu, na kama ilivyo kawaida ya mtu aliyetoka mafunzoni, nilijiona najua. Nikawafundisha kupanda kwa mistari, mche mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Wakafunga kamba, wakapanda, na shamba likapendeza. Watu walikuwa wakisimama njiani kutazama. Msimu ulipokwisha wakavuna magunia machache kuliko jirani yao aliyepanda kiholela kama siku zote. Mweka hazina wao, mama mmoja asiyeficha neno, akaniambia: "Mwalimu, hiyo nafasi ulituambia tuache, majani ndiyo yalikuja kukaa."

Alisema kweli. Nilikuwa nimewafundisha nusu ya somo. Nafasi na palizi ni jambo moja, na anayechukua moja akaacha lingine ni afadhali angebaki na njia yake ya zamani. Leo nataka kulipa deni hilo.

Kwa nini mpunga upewe nafasi

Mche wa mpunga haubaki mmoja. Shina mama huzaa machipukizi kutoka chini, na hayo machipukizi nayo huzaa mengine. Kila chipukizi lililopata chakula na jua laweza kutoa suke. Kwa hiyo mkulima anapohesabu mavuno asihesabu miche aliyopanda. Ahesabu masuke, halafu punje katika kila suke, halafu aangalie ni punje ngapi zimejaa na ngapi ni makapi.

Mkisonga miche, yaani mkipanda mitatu au minne pamoja na karibu karibu, mizizi inapigania chakula kile kile na majani yanatiana kivuli. Machipukizi mengi yanakufa kabla ya kutoa suke. Mabua yanakuwa membamba na marefu yakitafuta jua, na pishori yetu, Basmati 370, tayari ni ndefu kwa maumbile yake. Upepo ukija inalala. Tena unyevu unakaa muda mrefu katikati ya mimea iliyosongamana, na huo ndio unyevu unaopendwa na ule ugonjwa wa ukungu unaokausha majani na kuvunja shingo la suke, ambao mabwana shamba huuita blasti.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mkipanda sentimita 25 kwa 25, kila mita moja mraba ina mashina 16. Ekari nzima ina kama mashina 64,000. Mkipanda 20 kwa 20, mita moja mraba ina mashina 25, na ekari ina zaidi kidogo ya 100,000. Mkipanua mpaka 30 kwa 30, mita moja ina mashina 11 tu.

Tuseme udongo wenu ni mzuri, na kila shina kwa 25 kwa 25 linatoa masuke 20. Hayo ni masuke 320 kwa mita moja. Mkipanua mpaka 30 kwa 30, kila shina lingepaswa kutoa masuke 29 ili mpate kiasi kile kile. Linaweza, lakini si kila udongo unaweza kulilisha. Na kama udongo umechoka, na kila shina linatoa masuke 10 tu? Kwa 25 kwa 25 mtapata 160. Kwa 20 kwa 20, hata shina likitoa 9, mtapata 225. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaona shina moja nene shambani mwa mtu mwingine wanalitamani, wakisahau kwamba gunia hujazwa na ekari. Udongo wenye rutuba, miche michanga, maji ya kutegemewa: hapo panueni. Udongo uliochoka, au miche iliyokaa kitaluni mpaka ikazeeka, pandeni karibu zaidi.

Mbegu pia inaokolewa. Punje 1,000 za mpunga zina uzito wa gramu 20 hadi 25. Kwa mashina 64,000, mche mmoja mmoja, mnahitaji kama kilo moja na nusu. Ongezeni za kufidia zitakazokufa, bado hamtafika kilo nne. Ni wangapi kati yetu wamekuwa wakimwaga kilo 20 kitaluni kwa ekari moja?

Padri aliyejifunza kwa wakulima

Njia hii ya mche mmoja, mchanga, wenye nafasi, siku hizi inaitwa kwa kifupi SRI. Wengi hapa hawajui kwamba iliwekwa pamoja na padri. Padri Henri de Laulanié, Mjesuiti kutoka Ufaransa, alifika Madagaska mwaka 1961 na kukaa na wakulima wa mpunga miaka mingi. Alitazama. Aliona mahali wengine wanapanda mche mmoja, mahali pengine wanaacha maji yakauke kidogo badala ya kuyaweka siku zote. Mwaka 1981 alianzisha shule ndogo ya vijana wa mashambani huko Antsirabe. Mwaka 1983 mvua zikawasumbua, wakalazimika kupanda miche ya siku 15 tu, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Mwanzoni shamba lile lilitia huruma. Baadaye machipukizi yakatoka kwa wingi ambao hawakuwa wameuona. Alifariki mwaka 1995.

Kumbe umri wa mche ni muhimu kuliko tulivyodhani. Mche uking'olewa kabla ya kutoa jani la nne, yaani siku kama 8 hadi 12 kitaluni, unapona haraka na unabaki na nguvu zake zote za kuzaa machipukizi. Ule wa mwezi mzima, ambao ndio tuliozoea Mwea, umekwisha kupoteza sehemu ya nguvu hizo huko kitaluni.

Mwea majaribio yalianza mwaka 2009, wakishiriki watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, akiwemo Profesa Bancy Mati. Utafiti uliofuata kwa wakulima wenyewe ulionyesha mavuno yakipanda kwa kama theluthi moja, na maji yakipungua kwa zaidi ya robo. Lakini ulionyesha pia kitu ambacho watu hupenda kukiruka: sehemu nyingine za skimu gharama ya kazi ilipungua, na sehemu nyingine iliongezeka. Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni palizi.

Maji ndiyo yaliyokuwa yakitupalilia

Tujiulize kwa nini babu zetu wa skimu walijaza maji majarubani. Mpunga si samaki. Maji yakisimama sentimita tano hivi, mbegu nyingi za magugu haziwezi kuota, kwa sababu zinakosa hewa. Maji yalikuwa kibarua asiyelipwa. Ukiyapunguza ili mizizi ipumue, na ukiacha nafasi kubwa kati ya mashina ili jua lifike chini, umeyafungulia mpunga na magugu mlango mmoja. Hilo ndilo sikuwaambia wale akina mama.

Miche yao midogo, mmoja mmoja, ilihitaji kama mwezi na zaidi kabla majani yake kukutana na kufunika ardhi. Magugu hayakungoja. Wiki sita za kwanza baada ya kupandikiza ndizo zinazoamua. Gugu linaloota wiki ya kwanza linakula pamoja na mpunga wakati ule ule mpunga unapotaka kuzaa machipukizi. Likiondolewa siku ya 50, mtafurahi kuona shamba safi, lakini machipukizi yaliyokosekana hayarudi. Kikundi kile kilipalilia mara moja tu, siku ya 40 na kitu. Na kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kutia mbolea ya SA. Basi walilisha magugu kwa pesa zao wenyewe. Tafadhali shikeni hilo: palizi kwanza, mbolea ya kukuzia baadaye.

Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza siku moja alinipinga kwa Injili. Akasema, "Yesu mwenyewe si alisema magugu yaachwe yakue na ngano mpaka mavuno?" Watu walicheka sana. Nikamwambia, mzee wangu, ule mfano ulihusu watu na hukumu ya Mungu, si palizi. Lakini nilipofika nyumbani niliusoma tena katika Mathayo 13, na nikaona yule mwenye shamba anaogopa kwamba watumishi wakiyang'oa magugu watang'oa na ngano. Alijua kilimo. Magugu yakishakua na mizizi kushikana, kung'oa kunaumiza mmea wenyewe. Sababu moja zaidi ya kuyawahi yakiwa madogo.

Gugu linalojifanya mpunga

Majarubani kuna magugu ya namna tatu kwa jumla. Kuna yenye majani mapana, ambayo hata mtoto anayatambua. Kuna ndago na jamii yake, ambayo bua lake ukilizungusha kati ya vidole utasikia pembe tatu. Halafu kuna yale ya jamii ya nyasi, na hapa ndipo hasara ilipo, kwa sababu kuna moja linalofanana na mpunga mpaka kibarua mgeni analiacha na kung'oa mpunga.

Njia ya kulijua ni hii. Shikeni jani pale linapoachana na bua, mlivute nje taratibu. Mpunga una kijiulimi chembamba cheupe pale kwenye maungio, na pembeni vijisikio viwili vyenye nywele. Gugu lile halina ulimi wala masikio. Pale ni laini tu. Wafundisheni watoto na vibarua jambo hili kabla ya kuingia jarubani, kila mmoja ashike mche wa mpunga mkono mmoja na gugu mkono mwingine. Ni kazi ya dakika kumi. Gugu moja kama hilo likiachwa likakomaa hudondosha maelfu ya mbegu, tena hudondosha kabla mpunga haujavunwa, na hizo mtazikuta msimu ujao.

Mpunga mwitu ni mgumu zaidi, maana nao ni mpunga, una ulimi na masikio. Hapa mistari inasaidia. Chochote kilichoota nje ya mstari hakikupandwa na mtu. Mliopanda kiholela hamna njia ya kujua mpaka suke litoke.

Mistari inafanyaje kazi

Hii ndiyo faida kubwa ya kupanda kwa kamba, kuliko hata hewa na jua. Chukueni kamba ya nailoni, mfunge fundo kila sentimita 25 mkitumia rula ya mtoto ya shule. Au mmwambie fundi seremala awatengenezee reki ya mbao yenye meno ya kuachana sentimita 25, mkiivuta kwenye tope mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Mistari ikikatana ndipo mpande. Hapo mashine ya kusukuma kwa mkono, ile yenye magurudumu ya meno ambayo mafundi wa jua kali wanaweza kuitengeneza, itapita pande zote mbili. Inang'oa magugu madogo na kuyafukia kwenye tope yakawa mbolea, na pia inakoroga udongo hewa ikafika mizizini. Yanayobaki karibu kabisa na shina ng'oeni kwa mkono.

Mashine haifanyi kazi kwenye udongo mkavu, wala kwenye maji mengi. Inataka maji kama sentimita mbili au tatu. Kwa hiyo ongeeni mapema na mtu wa maji ili zamu yenu iangukie karibu na siku ya palizi. Palizi ya kwanza ni siku ya 10 hadi 12 baada ya kupandikiza, hata kama hamwoni magugu ya kutisha. Hasa kama hamyaoni! Wakati huo yana jani moja au mawili, na mashine inayamaliza. Halafu rudieni kila baada ya siku 10 hadi 12 mpaka majani ya mpunga yakutane. Kwa kawaida ni mara tatu, mahali pengine nne.

Je, hiyo ni kazi kiasi gani? Ekari ni kama mita mraba 4,047. Mistari ikiachana sentimita 25, ukipita kila nafasi mara moja umetembea kama kilomita 16, ukisukuma mashine ndani ya tope. Mtu mmoja hawezi kwa siku moja. Lakini kikundi cha watu 16, ni kilomita moja kila mtu. Mara tatu kwa msimu, ni kilomita tatu. Ikisemwa namna hiyo haitishi. Ninachokiogopa mimi ni swali lingine.

Ni nani atakayepalilia?

Nilipowauliza wale akina mama kwa nini hawakupalilia siku ya 12, hawakusema wamesahau. Walisema siku hizo walikuwa kwenye mashamba ya bwana zao, ambayo nayo yalikuwa yakihitaji palizi. Wengine walikuwa wakifanya kibarua cha palizi kwa watu ili wapate pesa ya unga. Shamba la kikundi likangoja, kwa sababu shamba la kikundi halina mtu wa kuliitia kelele. Basi wakapoteza akiba ya mwaka mzima ya wanachama wote. Wawili waliacha kikundi.

Kwa hiyo nashauri hivi, na kama kuna anayepinga aniandikie. Kabla ya kuweka mbegu kitaluni, kikundi kiketi na kalenda. Andikeni siku ya kupandikiza, halafu siku ya 12, ya 24 na ya 36, na majina ya watakaokuwa jarubani siku hizo. Mkiona majina hayatoshi, msipande ekari nzima kwa nafasi kubwa. Pandeni robo ekari kwa SRI, na iliyobaki 20 kwa 20 kwa mistari, mkishikilia maji. Hakuna aibu. Au mpandikize kwa vipande, leo kipande kimoja, baada ya siku nne kingine, palizi isiangukie siku moja yote.

Wanaume nao wahusishwe. Nimeona katika vikundi viwili, palizi ilipokuwa ya kuinama na kung'oa kwa mikono ilikuwa "kazi ya akina mama". Mashine ilipofika wanaume wakaichukua, kwa sababu ni chuma na inasukumwa. Sikuwauliza kwa nini. Nilishukuru tu.

Tahadhari moja kwa Mwea

Tangu mwaka 2020 Mwea imevamiwa na konokono wa majini, yule mkubwa anayetaga mayai ya rangi ya waridi kwenye mabua na kuta za mifereji. Anapenda sana miche michanga, na mche mmoja wa siku 10 kwake ni kama sukuma wiki laini. Ukipanda mmoja mmoja naye akala, shina zima limekwenda. Konokono huyu anahitaji maji ili atembee na kula. Basi wiki mbili za kwanza wekeni maji machache kabisa, tope lenye unyevu tu, okoteni konokono asubuhi na jioni, na mayai myaponde. Vaeni glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mahali wamezidi sana, ni afadhali kutumia miche iliyokomaa kidogo na kubakiza mingine kitaluni ya kuzibia mapengo.

Fanyeni jaribio lenu

Msiniamini kwa maneno. Chukueni jaruba moja, mligawe sehemu tatu: moja mpande mlivyozoea, moja 20 kwa 20, moja 25 kwa 25. Kila sehemu igawanywe tena mara mbili, nusu ipaliliwe kwa siku zilizopangwa, nusu ipaliliwe mara moja tu jinsi wengi wanavyofanya. Wiki moja kabla ya kuvuna, tengenezeni fremu ya vijiti ya mita moja kwa mita moja, mhesabu masuke ndani yake mahali patatu katika kila kipande. Halafu pimeni mpunga kwa mizani, si kwa macho. Vipande ni sita. Andikeni kwenye daftari la kikundi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Msimu uliopita palizi yetu ya kwanza ilikuwa siku ya ngapi, na ni nani aliyeifanya?

Udongo wetu: kila shina linatoa masuke mangapi? Nendeni mhesabu mashina kumi kabla ya kujibu.

Shamba la kikundi na shamba la nyumbani yakihitaji palizi siku moja, tumekubaliana lipi litangoja, na bwana zetu wanajua?

Pesa za mavuno zikija, aliyepalilia mara tatu na ambaye hakuja hata mara moja watagawana vipi? Mjadiliane hili kabla ya kupanda, na katibu aandike.